Rangi ya Bawa

Chupa ndogo ya rangi ya kucha, nyekundu kama pilipili, ilidondoka kutoka mfuko wa suruali ya mume wangu nilipokuwa nikiifua, ikabiringika hadi kwenye majivu ya jiko. Niliikodolea macho kwa muda. Mimi sijapaka kucha tangu nizaliwe. Kucha zangu zina kazi ya kupalilia wimbi na kumenya mihogo. Niliirudisha mfukoni nikaendelea kufua, na tangu dakika ile sikumwamini tena Ilukor hata aliponiamkia asubuhi.

Waliosema kikulacho ki nguoni mwako, nadhani walikuwa wafua nguo. Nilianza kuunganisha mambo. Kila Jumamosi alipanda baiskeli kwenda Busia, ilhali Tororo iko karibu na ina maduka ya Wahindi tele. Shati lake lilinuka kitu kikali ambacho si pombe wala sabuni. Tena alikuwa ametia kufuli kwenye karakana yake, yeye fundi seremala ambaye kwa miaka kumi na minane ya ndoa yetu hakuwahi kufunga hata mdomo wa gunia. Nikimuuliza anatengeneza nini, hujibu, "Kazi tu." Kazi tu! Kana kwamba nimemuuliza hali ya hewa.

Kisha nikakuta karatasi chini ya godoro. Sijui kusoma, lakini mke wa fundi huitambua ramani ya nyumba akiiona: ukumbi mrefu katikati, chumba kirefu kila upande, nyuma kibaraza kidogo. Palikuwa na vipimo kila mahali na maandishi tele. Yaani mwanamke wa Busia anajengewa nyumba yenye ukumbi, nami jiko langu linavuja hapa Mella!

Niliipeleka kwa Elungat, chifu wetu wa muluka, yaani kata, nikamweleza safari za Busia, anisomee jina la huyo mwanamke. Alivaa miwani, akaigeuza karatasi mara mbili.

"Mama, hii si nyumba," alisema. "Hii iko na mabawa. Na hapa naandikwa mabomu."

Ulikuwa mwaka wa sitini na tano. Ndege zilikuwa zimetoka Kongo zikaangusha mabomu upande wa West Nile, na sisi watu wa mpakani tulikuwa tukitazamana kwa jicho la pembeni. Mgeni akipita, tuliulizana ametoka wapi. Elungat aliikunja karatasi, akaitia mfukoni mwake badala ya kunirudishia.

"Bwana yako nakwenda Busia kuona nani?"

Nilikuwa nimekwenda kumshtaki mume wangu kwa uzinzi, kumbe nimemshtaki kwa uhaini.

"Sijui," nilisema, na kwa mara ya kwanza nilitamani awe mwanamke kweli.

"Leo mchana nakuja na askari. Wewe usimwambie kitu."

Nilikimbia njia nzima, pindo la gauni langu la gomesi nimelikwida mkononi, kwenda kumwambia. Niliona aibu. Mlango wa karakana ulikuwa nusu wazi. Juu ya meza ya kazi ilikaa ndege ya vita ya mti wa mvule, urefu wake kama mkono wangu toka begani hadi vidoleni. Pangaboi zake zilikatwa kwenye kopo la bati, kidirisha cha rubani kilikuwa kioo cha tochi. Mwili ulipakwa kijani na hudhurungi, na juu ya kila bawa kulikuwa na duara la buluu na jeupe, bado bichi. Harufu ya shati lile ilijaa chumbani. Pembeni ilisimama chupa yangu nyekundu, haijafunguliwa.

"Elungat anakuja na askari," nilisema. "Nimempa karatasi yako. Nilidhani ni nyumba ya mwanamke."

Ilukor aliweka brashi chini, akaketi.

"Ni mama aliyeitaka," alisema.

Mama yake, Amulen, alipofuka miaka mitatu iliyopita. Wanawe wawili walikwenda vitani Burma, akarudi Ilukor peke yake. Kwa miaka ishirini Ilukor alikuwa akimwambia mama kwamba kaka yake, Omoding, aliuawa na ndege ya Wajapani, yenye duara jekundu kama jua la jioni. Mama alilisimulia duara lile kanisani, na kwenye mtungi wa ajon, pombe yetu ya wimbi, huku mrija wa Omoding umeegemezwa mahali pake bila mnywaji. Mwezi uliopita alisema anataka kuishika ndege hiyo kabla hajafa.

"Haikuwa ya Wajapani, Apolot. Ilikuwa yetu, ya Waingereza, yenye duara la buluu. Mimi ndiye niliyepewa vitambaa vya kutandaza chini, kumwonyesha rubani tulipo. Omoding na wenzake walikuwa wamesonga mbele. Mimi nikavitandaza nyuma yao. Rubani akadhani walio mbele ni adui." Aliisukuma ile chupa kwa kidole. "Rangi zote nilinunua Busia, ambako hakuna anijuaye, hata hii nyekundu. Mkono umekataa."

"Mama haoni. Rangi ya nini?"

"Wageni wana macho. Watamwambia."

Baiskeli zililia kengele uani. Elungat aliingia na askari wawili, na nyuma yao, akipapasa njia kwa fimbo, mama mwenyewe aliyevutwa na sauti. Niliikwapua chupa nikaificha kiganjani. Elungat aliitazama ndege, akaichungulia chini, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Kisha akacheka kicheko kirefu cha mtu aliyeshushiwa mzigo.

"Kumbe ni mti tu!"

"Nipeni," alisema mama. Ilukor alimkalisha kwenye benchi, akamlazia ndege magotini.

"Na hii ilikuwa ya nani, mzee?" Elungat aliuliza kwa mzaha tu, huku akirudisha karatasi.

Ilukor alimtazama mama yake.

"Ya Wajapani," alisema.

Elungat, ambaye vita vile alivisikia tu, aliinamisha kichwa kwa heshima, akaaga. Hatari niliyoileta mimi iliondoka na kengele za baiskeli, ikatuachia ile iliyokuwapo siku zote.

"Apolot," aliita mama.

"Naam, mama."

"Wewe mnusa mashati, hudanganywi ovyo." Kidole chake gumba kilikuwa kikizunguka juu ya bawa, taratibu. "Hapa pana duara. Ni bichi. Ni la rangi gani?"

Ilukor alisimama mlangoni. Hakunikonyeza wala hakutikisa kichwa. Chupa ilikuwa imepata joto kiganjani mwangu. Wiki nzima nilikuwa nimeusaka ukweli mifukoni na chini ya godoro. Sasa ulikuwa juu ya ulimi wangu, na sikuutaka.

Kidole cha mama kilikuwa kimeshika rangi hadi kwenye ukucha.

"Buluu, mama."

Hakulia. Aliendelea kuipapasa ndege kutoka mkiani mpaka puani, akarudi tena mkiani.

"Mwambie alete kigoda," alisema. "Akae karibu, anisimulie upya."

Nilipogeuka, Ilukor alikuwa ameshakishika mkononi.