Koti la Saba

Newala ukiosha gari mchana kweupe, majirani wanakutazama kama mwizi. Na wana haki! Maji ya kunywa tu mwanamke anapanda nayo kutoka bondeni, ndoo kichwani, shingo ikimuuma. Halafu wewe ukayamwage kwenye tairi? Ndiyo maana Awadhi, fundi wa kung'arisha magari nyuma ya soko, gari zima aliliosha kwa ndoo moja, na ndoo hiyo aliletewa na mkewe, Nuria.

Kazi yenyewe ilikuwa ngeni kule juu. Ilikuja na ruksa. Serikali ilipowaruhusu watu binafsi kununua korosho, matajiri walipanda kutoka kila pembe na magari yao, wakakutana na kitu wasichokijua: salfa. Mwezi wa sita na wa saba mikorosho inapulizwa ule unga wa njano, upepo unaubeba, umande unaugandisha kwenye boneti, na msimu wa kuvuna ukifika rangi imeshafubaa. Awadhi alijifunza kuikinga rangi kule Masasi, kwa mzee Swalehe. Kwanza unapaka dawa ya kufunga, inayoshikana na rangi yenyewe. Ikikauka unapaka nta juu yake, unasugua mpaka uone sura yako bila mawimbi. Makoti mawili, yaani mipako miwili, ukizidi sana matatu, basi. Mzee Swalehe hakuwa na mzaha katika hilo. "Ukishafunga umefunga," alikuwa akisema. "Uchafu ukibaki chini, umeulea mwenyewe."

Awadhi na Nuria walikuwa na mtoto mmoja, Siti. Homa ilimchukua mwezi wa tatu, ndani ya lori, kabla hawajamaliza kuteremka kuelekea hospitali ya Masasi. Arobaini ilipopita Nuria aligawa vitu vyake vyote, isipokuwa gauni moja la pamba lililofuliwa mpaka likalainika kabisa. Hilo alilificha chini ya godoro, na hakumwambia mtu. Mtaani waliendelea kuitwa Mama Siti na Baba Siti, kwani wangeitwaje? Hata wao wenyewe ndivyo walivyoitana. Nuria hakuwahi kumtaja mumewe kwa jina lake tangu mtoto azaliwe. Ingekuwa utovu wa adabu.

Sasa, Jumatatu moja, Amon, mnunuzi wa korosho kutoka Moshi, alileta Korola nyeusi tii, akasema atakuja kuichukua Ijumaa mchana. Kazi ya siku mbili hiyo. Jumatano Awadhi hakurudi kula. Alhamisi hakurudi kabisa. Ijumaa asubuhi Nuria alitandika kitanda, akainua godoro, akakuta gauni halipo.

Adhuhuri alitoka nyumbani na bakuli la ugali na samaki, na hasira zimempanda mpaka utosini. Alijua limekwenda wapi. Newala nzima hakuna kitambaa laini cha kusugulia nta, na mwanamume akikosa kitambaa haulizi, anafumbata tu kilicho karibu. Njiani aliyapanga maneno yake yote. Leo atanikoma!

Aliyasahau alipofika. Jua lilikuwa utosini, uwanja mweupe kwa vumbi, hakuna kivuli hata cha kuku. Gari lilikuwa katikati, linang'aa kupita kiasi. Haukuwa ule mng'aro wa Jumamosi ya harusi; huu ulikuwa na kina, ungedhani ukitia mkono utazama. Awadhi aliinama kwenye boneti akisugua mviringo mdogo, mviringo mdogo, gauni la Siti mkononi. Pembeni yalikuwa makopo yenye maandishi ya Kijapani, yote matupu.

"Baba Siti," alisema. "Umefanya nini wewe?"

"Koti la saba," alijibu bila kugeuka. Sauti yake ilitoka mbali, kama mtu anayejibu akiwa chumba cha pili. "Njoo uone. La kwanza nilidhani macho yangu yananidanganya."

Nuria akasogea. Kwenye weusi wa boneti aliona mbingu, akaona ukingo wa paa la soko, akajiona mwenyewe na bakuli lake. Na pale alipopaswa kuwa mumewe peke yake, palikuwa na mtoto, kasimama nyuma yake, kashika upindo wa shati lake kama alivyokuwa akifanya siku za gulio asipotee. Gauni kalivaa.

Nuria aligeuka. Nyuma ya Awadhi hakukuwa na mtu. Vumbi tu.

Bakuli lilitaka kumponyoka. Aliliweka chini, akasema yale ambayo mama yeyote angesema. "Siti mama! Mama yangu! Umekula?"

Mtoto hakumtazama. Alimtazama baba yake tu. Na Nuria, nisimfiche, aliona wivu. Mimi niliyembeba miezi tisa, mimi niliyempakata ndani ya lori mpaka alipopoa, nami asinitupie jicho? Alilia kwa furaha na kwa wivu kwa pamoja, na kama si kuku mmoja, huenda angekaa pale mpaka leo.

Kuku huyo alikuja kwa ajili ya ugali. Alikata njia akapita juu ya miguu ya Awadhi, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, bila kukwepa wala kushtuka, kama anayepita mahali patupu. Nuria akatazama tena boneti. Siti alikuwa anaonekana mpaka ukosi wa gauni, mpaka kovu la kidevuni. Lakini Awadhi ndani ya rangi alikuwa ukungu. Mabega yake yalipitisha mbingu.

"Lahaula!" Alimshika bega lile la kweli, la huku nje. Lilikuwa jepesi na baridi, kama kanzu iliyoanikwa. "Baba Siti, twende nyumbani. Baba Siti!"

Alipoita hivyo, mtoto ndani ya gari aliinua kichwa. Alifurahi. Aliuvuta upindo wa shati, na Awadhi akapiga hatua moja mbele, tumbo likagusa boneti, na hata ule ukungu wake ukazidi kufifia.

"Baba Siti, nakuomba!"

Mtoto akavuta. Awadhi akalaza shavu kwenye nta na kufumba macho.

Hapo Nuria alielewa, na alitamani asingeelewa. Kila alipomwita, alimkabidhi. Baba Siti ni baba wa Siti; aende wapi kama si kwa mwanawe? Jina hilo lilikuwa la mtoto kabla halijawa la mwanamume.

Palikuwa na chupa ya petroli ukutani, ile ya kutolea utomvu wa mikorosho. Nuria alivua kanga ya juu, akailowesha. Petroli nyingine ilimwagikia miguuni. Alianzia pembeni, kwenye taa, kwani hakuweza kuanzia katikati. Nta ilitoka kwa mabaka, chini yake dawa, chini yake rangi kavu iliyofubaa. Alifuta paa la soko. Akaifuta mbingu. Alipokaribia upindo wa gauni alisimama, akasema kwa sauti, "Siwezi. Mola wangu, siwezi hili."

Ndipo Siti alipomtazama. Kwa mara ya kwanza mchana ule, alimtazama mama yake, wala hakuwa na hofu. Alikuwa na yale macho ya mtoto anayesubiri kunawishwa uso. Nuria akamfuta. Alimfuta miguu, akamfuta mikono ikaachia shati, akamfuta kidevu na kovu lake, huku akisema nisamehe mama, nisamehe, mpaka pakabaki baka jeusi lisilo na kitu. Kisha akajaza kifua pumzi akalitamka jina la mumewe lenyewe.

"Awadhi!"

Mwanamume alishtuka, akajiinua kwenye boneti. Kuku akaruka kando kwa kelele. Nuria alimpapasa mabega, shingo, mashavu. Alikuwa mzito, ana jasho, ana joto. Akamkumbatia mbele ya soko zima bila haya.

"Nuria," alisema, akimshangaa. "Mbona unalia? Kuna chakula? Nina njaa ya ajabu."

Alikuwa amekaa juu ya dumu, anamega ugali kwa pupa, Amon alipofika. Amon aliliona gari lake lenye mabaka, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama Siti! Nini hiki? Nani kaniharibia gari, Mama Siti?"

Awadhi alimeza tonge. "Nitalipaka upya, bosi, kosa la fundi ni la fundi." Kisha akamgeukia mkewe, uso mweupe wa amani, kama mtu aliyelala usiku mzima. "Lakini huyu anakuitaje? Siti ndiye nani?"

Amon akashusha mikono kichwani. Yeye mwenyewe alihudhuria matanga ya mtoto. Nuria alidhani mumewe anatania, akayatafuta macho yake, akayakuta safi, hayana kitu.

"Ni mwanangu," alisema.

"Kumbe uliwahi kuzaa kabla yangu? Hukuniambia." Awadhi aliweka bakuli chini, akanawa vidole kwa maji kidogo, akamshika mkono kwa huruma ya kweli. "Pole sana, Nuria. Alikuwa na miaka mingapi?"

Nuria alimjibu kuwa alikuwa na miaka mitano, kisha akaketi vumbini akamlia mtoto peke yake.