Kiatu cha Mguu Uliozikwa

Mguu wa kulia wa Optatus ulizikwa Kibakwe kwa heshima zote, mwenyewe akiwa bado amelazwa Dodoma. Kisukari kiliuanza kwenye kidole kidogo, madaktari wakaukata chini ya goti, na dada yake mkubwa, Dorothea, akakataa katakata hospitali kuuchoma moto. Mtu wa kwao haachwi vipande vipande ugenini. Akakodi gari, mguu ukachimbiwa kaburi dogo kando ya baba yao, waombolezaji wakala ugali na mlenda, na mjomba Mazengo, asiyeweza kuona watu wamekusanyika akanyamaza, akatoa hotuba kuusifu ulivyokuwa ukipiga mpira. Optatus alisimuliwa yote kitandani, akalia kwa fahari.

Tabu ilianza aliporudi kwake Nzuguni. Mguu ule ule, ulioko ardhini, ukaanza kubana. Si goti wala kisigino, bali vidole: vilisagana kama vimetiwa kwa nguvu kwenye kiatu kidogo. Mkewe, Emilia, alikikanda kisiki cha mguu mpaka mikono ikafa ganzi. Optatus hakulala. Ofisini alikuwa akiruka katikati ya kikao na kupapasa hewa chini ya meza, wenzake wakidhani ameangusha kalamu.

"Mguu haupo, lakini ubongo wako hauna habari," daktari Elieth alimweleza. "Kila kiungo kina sehemu yake kichwani, na ya mguu wako bado iko kazini. Inaamuru vidole vikunjuke, haipati jibu, inapiga kelele. Kelele hizo ndizo unazozisikia."

"Kwa hiyo ni uongo?"

"Maumivu ni ya kweli, mzee wangu. Mguu ndio haupo. Ubongo ukiuona mguu wa kulia umestarehe, hata kwenye kioo tu, unaweza kutulia."

Optatus aliona binti wa watu anamletea mambo ya saluni. Akampigia dada yake.

"Shikamoo, dada. Mguu mliuzika vipi?"

"Marahaba. Vizuri tu. Na kiatu juu."

"Kiatu gani?"

"Kile cheusi cha ofisini. Ulitaka uende peku?"

Kile cheusi! Kiatu alichokivumilia miaka yote kwa sababu kinang'aa, kilichomchubua kidole kidogo mpaka kidonda kikaingia. Wameuzika mguu pamoja na muuaji wake.

Jumamosi akatua Kibakwe na magongo yake, Emilia nyuma kanuna. Akatangaza kaburi lifukuliwe, kiatu kivuliwe. Dorothea akasema kaburi si sufuria, halifunuliwi kuangalia kama kitu kimeiva. Mjomba Mazengo akauliza kama kutakuwa na hotuba.

"Ninaumia," Optatus akasema. "Silali, kazi itanishinda. Ninaumia, dada, na ninyi mnabishana."

Dorothea akanywea. Akatuma mtu mashineni amwite Ernest, mdogo wao wa mwisho, ambaye ndiye aliyechimba kaburi na kufunga sanduku.

Ernest alikuja mbio, hajui anaitiwa nini, unga umemjaa kichwani. Mguu wa kushoto alivaa kandambili. Wa kulia alivaa kiatu cheusi cha ofisini, kimepigwa kiwi.

Uwanja mzima ukanyamaza, hata Mazengo.

"Dada, kilikuwa kizima kabisa," Ernest alisema kabla hajaulizwa. Kisha akamgeukia Optatus. "Na niliona nikikifukia, kaka, ndiyo basi tena hutatembea. Ila kinanibana."

"Kivue!" Optatus alinguruma.

Ernest akaketi chini mbele yake, akafungua kamba, akavuta. Vidole vikatoka vimebandana. Akavikunjua taratibu, akavichezesha hewani. Optatus alikuwa ameshatafuta tusi, likampotea. Kule kaburini, au kichwani, wala hakujali ni wapi, vidole vyake navyo vilikuwa vinakunjuka.

"Chezesha tena," alinong'ona, machozi yakimtiririka. "Tena, mdogo wangu."

Siku hizi Ernest anaishi Nzuguni. Jioni ananyoosha mguu wake kando ya kisiki cha kaka yake, na Emilia, aliyeolewa na mwanamume mmoja tu kanisani, anakuna unyayo wa shemeji huku mumewe akicheka kwa kutekenywa. Daktari Elieth alipoonyeshwa alicheka mpaka akashika ukuta, akasema kioo kingetosha, na hakili ugali. Optatus akamjibu kwamba kioo hakijawahi kumchimbia kaburi.

Juzi Ernest alijikwaa kizingitini, kidole kidogo cha mguu wa kulia kikapasuka. Aliyepiga yowe ni Optatus. Ernest akaacha damu yake ichuruzike, akapiga magoti upesi, akaanza kumpuliza kaka yake pale chini ya kisiki, mahali pasipo na kitu.