Blanketi la Marehemu

Mama mkwe wangu, Orpha, alinitisha siku ile ile Garland aliponipeleka kwao kunitambulisha, na tangu hapo hakuacha. Ilikuwa Oktoba, siku ya kupika jamu ya matufaha, na mimi kwa kimbelembele cha mchumba nikaomba mwiko nikoroge. Wakanipa huku wanatazamana. Sikujua. Sufuria ile kubwa ya shaba hukaa motoni uani tangu asubuhi, na aliyeshika mwiko haruhusiwi kuuacha hata kidogo, maana jamu ikishika chini imeharibika yote. Kwa hiyo jua linapozama na Orpha anapoanza hadithi yake ya mzuka, kila mtu anaweza kukimbia isipokuwa mkorogaji.

Hadithi yenyewe aliipata kwa bibi yake, na bibi kwa bibi yake. Mke kafariki, kaomba azikwe na blanketi lake la viraka. Mume akalivuta kabla jeneza halijapigiliwa misumari, kwa sababu baridi ya huku kwetu milimani Kentucky haina huruma, naye alikuwa bahili. Basi mke anarudi kulifuata. Yuko getini: "Nani kachukua blanketi langu?" Yuko barazani. Yuko kwenye ngazi. Yuko miguuni pa kitanda. Hapo Orpha alikuwa ananyamaza. Ananyamaza mpaka unasikia kuni zinavyopasuka, mpaka unaanza kudhani kasahau. Halafu anakudaka mkono: "WEWE!"

Siku ile niliruka na mwiko wangu, jamu ikachafua viatu vyeupe nilivyonunua kwa ajili ya ukwe. Orpha alicheka mpaka akakaa chini. "Huyu anafaa," alimwambia Garland. "Oa."

Kila mwaka baada ya hapo mwiko ulinifikia mimi jua likianza kushuka, na kila mwaka nilinuna. Maneno niliyajua yote, na ule ukimya niliujua unakuja wapi. Niliapa sitaruka, nikaruka. Lakini acha niseme kweli: Agosti ilikuwa haijaisha mimi nimeshaanza kuisubiri Oktoba. Kuna raha ya kuogopa kitu unachokijua, huku umezungukwa na watu wako na moto unawaka. Sikumwambia Orpha hivyo. Angevimba kichwa.

Kisha Aprili moja akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, na sauti ikaondoka. Mwalimu wa kumfundisha kusema alikuja kila Jumatatu na picha zake, kikombe, mbwa, kiti, na Orpha akageuza uso kutazama dirishani. "Shida si ulimi peke yake," mwalimu aliniambia jikoni. "Hataki kujaribu. Akiendelea hivi, sijui kama sauti itarudi." Maneno yale yaliniuma. Mwanamke aliyeutukana mkate wangu miaka yote alikuwa ameketi mbele yangu, anakula mkate uleule kimya. Nilimkumbuka na huku namtazama.

Oktoba ikafika. Wifi yangu Verna akaja na matufaha na ushauri.

"Jamu tupike, ila hadithi tuache," alisema. "Tutamuumiza mama bure."

"Tutamuumiza nini? Mama hajafa, Verna."

"Na nani atasimulia? Wewe?"

"Mimi."

"Wewe unayeikimbia kila mwaka!"

"Nimekimbilia wapi, wifi, na mwiko mnanibebesha mimi?"

Mwanawe Colby, kijana mrefu wa sekondari, alicheka bila kuinua macho kwenye simu. "Anti, sisi humu tunaona watu wanakatwa vichwa. Nani ataogopa blanketi?"

"Wewe kaa karibu tu, shujaa," nikamwambia.

Jua likaanza kuzama. Garland akamleta mama yake na kiti chake cha magurudumu, akamweka nyuma yangu, ambako moshi haukufika. Mwiko nilikuwa nao mimi, kama kawaida. Nikaanza, na nilianza vibaya. Nilijaribu kuiga sauti ya Orpha, ikatoka nyembamba kama ya mbuzi, na mzuka wangu alifika getini mbio kama mtu aliyechelewa kazini. Colby akakohoa kuficha kicheko. Verna akaangalia viatu vyake. Nyuma yangu hapakuwa na hata mguno.

Hasira ikanipanda, na hasira ndiyo iliyonisaidia. Nikaacha kuiga. Nikatazama ndani ya sufuria, nikawaeleza jinsi yule mume alivyojifunika, jinsi blanketi lilivyokuwa bado na harufu ya nywele za mkewe, na jinsi alivyosikia geti likifunguliwa, naye anakumbuka alilifunga. Nilikoroga polepole na kusema polepole. Barazani. Kwenye ngazi. Nikamwona Colby anaweka simu mfukoni na kumsogelea mama yake.

"Nani," nikasema, "kachukua... blanketi langu?"

Nikanyamaza. Macho yangu yalikuwa kwa Colby, maana huyo ndiye niliyepanga kumrukia. Kuni zikapasuka. Nikazidi kunyamaza. Kwa ujanja wangu wote nilisahau ni nani miaka yote anayedakwa katika hadithi hii, na mwiko nilikuwa nimeushika mwenyewe.

Vidole vikanikaba mkono kutoka nyuma.

"WEWE!"

Niliruka, mwiko ukaenda zake majanini. Colby alipiga yowe la mtoto mdogo. Halafu sote tukageukia kile kiti cha magurudumu, kwa sababu tulikuwa tunaitambua ile sauti. Ilikuwa ya kukwaruza, lakini ilikuwa yake.

"Mama?" Garland akasema.

Orpha alikuwa anacheka. Upande mmoja tu wa uso ulicheka, mabega yote mawili yakitikisika, na mkono wake wa kushoto haujaniachia. Nikapiga magoti kwenye majani.

"Rudia, mama. Nakuomba, rudia."

Alinitazama kama zamani, kama mtu anayetazama mjinga anayempenda. Midomo ilihangaika kutafuta njia. Alikasirika, akaanza upya. "Wewe," akasema, taratibu. Nikalia pale pale kwa furaha. Colby alisema Anti analia kwa woga, nikamwacha aamini hivyo.

Sufuria hakuna aliyeikumbuka mpaka tuliposikia harufu. Jamu ilikuwa imeshika chini, jambo ambalo sufuria ile haikuwahi kuliona mikononi mwa ukoo huu. Tuliijaza kwenye chupa hivyo hivyo.

Jumatatu mwalimu alipotoa picha ya kikombe, Orpha hakugeukia dirishani. Hakuweza kukitaja, akaipiga picha kofi, kisha akaonyesha kwa kidole airudishe. Wiki zikaenda hivyo, kofi na kurudia.

Asubuhi moja ya Desemba nilimpakia mkate ile jamu yetu iliyoungua. Alitafuna, akakunja uso, akaniangalia. Nikaona neno linamtafuta, au yeye analitafuta. Nilitaka sana kumsaidia. Nikanyamaza, jinsi alivyonifundisha yeye, nikasubiri mpaka nikadhani kasahau.

"Mbaya," akasema, na akasukuma sahani aongezwe.