Dada Amenuna

Mimi nikinuna, nanuna. Sifichi. Niliwahi kukaa siku tisa simsemeshi mdogo wangu kwa sababu ya gauni aliloliunguza na pasi, na tulikuwa tunakula meza moja. Hata kazini, kwenye chumba cha redio cha bandari, wakiniona nimefunga mdomo wanaulizana, "Leo nani kamkosea?"

Safari hii alikuwa yeye tena, Mbishi. Jina hilo tulimpa akiwa na miaka minne. Alipata kazi ng'ambo, kufundisha watoto wa shule kuendesha mashua za tanga, na badala ya kupanda meli kama watu wenye akili zao, akasema atavuka na kimashua chake mwenyewe. Siku mbili bahari kuu, peke yake, ndani ya kitu kisichozidi vitanda viwili kwa urefu! Nilimgombeza mpaka sauti ikakauka. Mwishowe nikamwambia, "Nenda. Ila usinisemeshe."

Hata hivyo redio yake niliitengeneza, maana pale bandarini mimi ndiye ninayesikiliza, ndiye ninayejibu, na redio zikiharibika ndiye fundi. Kitufe cha kuongelea kilikuwa kinaingiza maji. Nikakizungushia gundi ya mpira, nikamrushia mezani bila neno.

Siku ya kwanza aliniita mara tatu. "Dada, mimi mzima. Dada, unanisikia?" Bahari ilikuwa shwari, upepo mzuri. Niliandika daftarini kwamba ni mzima, na sikujibu. Nilijiambia, acha akome kidogo.

Siku ya pili saa nne asubuhi sauti yake ilifunguka na haikufungika tena. Alikuwa anahema, anatukana kamba, anatafuna biskuti, anaimba ovyo. Sikuhitaji kuambiwa. Redio za aina ile, ukibonyeza unasema, ukiachia unasikia. Gundi yangu ilikuwa imevimba kwa maji ya chumvi na kukibana kitufe chini. Nilimsikia mpaka anavyomeza mate, na yeye hakuweza kunisikia hata nikilia.

Saa tano bwana wa hali ya hewa akaingia na karatasi mkononi. Hakukaa.

"Dhoruba imegeuka," akasema. "Itamfikia saa nane."

"Na boti ya uokoaji?"

"Imeshatoka. Mpaka imfikie ni saa kumi." Akaweka kidole kwenye ramani ya ukutani. "Kisiwa hiki atakifikia saa sita. Nyuma yake maji yametulia. Akiingia hapo amepona. Akikipita, mbele hakuna pa kujificha."

Nikanyakua maiki. "Mbishi! Ingia kisiwani! Ingia kisiwani!" Bwana wa hali ya hewa aliniacha nipige kelele, ingawa alijua kama nilivyojua kwamba hasikii. Nilijaribu na simu ya mkononi ya Mbishi. Haikupatikana, ingepatikanaje huko? Nikarudi kwenye maiki.

Mtu mwingine yeyote angeigeuza ile redio mkononi, akaikagua. Ndugu yangu aliniita tena na tena, kisha akacheka.

"Bado amenuna huyu. Dada, jamani, siku ya pili leo!"

"Sijanuna," nikasema. "Sijanuna, mdogo wangu. Angalia kitufe. Kibandue kwa kisu." Machozi yalikuwa yananitoka mbele ya yule bwana na sikuona haya.

Saa sita ikafika. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Dada, kisiwa nakiona, kiko kulia kwangu. Huku nyuma kuna wingu silipendi. Niingie au niendelee? Sema neno moja tu, halafu uendelee kununa."

"Ingia," nikasema. "Ingia, ingia, ingia."

Akangoja. Tulisikia maji yakipiga ubavu wa mashua. Bwana wa hali ya hewa akakaa kwenye kiti cha mgeni na kuinamisha kichwa. Niliishika ile redio yangu kubwa kwa mikono miwili, nikaitikisa, mimi fundi mzima.

"Haya, nimekuelewa," Mbishi akasema, na nilisikia roho yake imetulia. "Jana ulininyamazia na kulikuwa shwari. Nakujua, Dada. Utaninunia mwaka mzima ukipenda, lakini huwezi kuona hatari mbele yangu ukakaa kimya. Kumbe wingu lenyewe si kitu. Basi naendelea."

Kamba ikalia, tanga likajaa upepo.

"Asante, Dada," akasema.