Wimbo Usio na Mwenyewe

Batuli wa Gongoni alipenda kuulizwa kuliko kujibu. Watunzi wa taarabu ndivyo walivyo, wanataka uwapigie magoti ndipo wakwambie nusu. Alipotunga wimbo wa mke mwenye siri, "Mbele kafunga komeo, nyuma mlango u wazi," Tabora nzima ikauimba.

Sasa, desturi ya kutunza inajulikana. Mtu akiinuka na noti, akamchezea fulani usoni, ubeti umeshapata mwenyewe. Kwenye harusi ya Isevya, Ibtisam aliinuka akamchezea wifi yake, Nawal, huku akizungusha noti juu ya kichwa chake. Ukumbi ukalipuka. Wanawake wakamuuliza Batuli: "Ni yeye?"

Batuli akacheka. "Mwenye kuelewa kaelewa."

Hata hakumjua Nawal. Lakini kicheko kile kilifika dukani kwa Qais, mume wa Nawal, kabla ya pilau kupoa. Qais akatoa talaka.

Mama yake Nawal, Bi Zeyana, alikuja kwa Batuli macho yamevimba.

"Shikamoo, mama."

Bi Zeyana hakuitikia. "Mwanangu hali, halali. Eda inakaribia kwisha, na ikiisha ndiyo basi. Ulimwimba nani?"

"Sikumwimba mtu, mama. Nilibuni tu. Vina vilinipendeza."

"Basi nenda ukamwambie mumewe hivyo hivyo."

Batuli akakimbilia dukani. Qais alikuwa anapima mchele wa Igunga, akamsikiliza bila kuacha kazi.

"Hakuna wimbo usio na mwenyewe," alisema. "Ungekuwa na la kusema ungelisema siku ile. Wewe ulicheka. Nitajie huyo mwanamke mbele za watu, nami leo hii namrejea mke wangu."

Batuli alitoka pale. Alijilaani. Kwa nini hakusema wazi? Neno moja tu lingetosha, naye alilinyima kwa ajili ya kuonekana wa maana. Amtaje nani sasa? Kila jina alilolifikiria lilikuwa na watoto.

Ijumaa ile palikuwa na harusi Kanyenye. Bi Zeyana alikuwepo, na Ibtisam pia. Mume wa Batuli, Rashidi, alikuwa kwenye kinanda kama kawaida yake. Watu wakautaka wimbo ule. Batuli akashika maikrofoni, lakini hakuimba.

"Mnataka kumjua," alisema. "Ni mimi. Nilijiimba mwenyewe. Nawal hahusiki, wallahi, hahusiki."

Vichwa vikaanza kutikisika, kimoja kimoja. Alaa! Kumbe! Hakuna aliyebisha, hakuna aliyeomba ushahidi. Wimbo uliowahangaisha ulikuwa umeeleweka, nao walifurahi kama watu walioteguliwa kitendawili. Ibtisam alikuwa tayari anampigia kaka yake simu. Bi Zeyana alipiga kigelegele huku analia.

Batuli alimgeukia mumewe. Kwake hakuwa na hofu kubwa. Rashidi alikuwepo wimbo ukitungwa, walilala chali kitandani wakirushiana maneno na kucheka, na mstari wa komeo ulikuwa wake yeye.

Rashidi alizima kinanda. Akaanza kuzikunja nyaya taratibu, bila kumtazama.

"Kumbe," alisema, "ulikuwa unanituma mimi nikutafutie vina vya siri yako."