Shetani Aliyekataa Kufungua Mlango

Kila alfajiri ya Pasaka, katika kijiji chetu cha Ain Lozeh, shetani nilikuwa mimi.

Nasema hivyo bila aibu, kwa kuwa ni kazi ya heshima. Watu wote hutoka kanisani na mishumaa yao, taa huzimwa, na mtu mmoja hubaki ndani gizani akafunga mlango kwa komeo la chuma. Padri huja na msalaba, hugonga na kuamuru mlango ufunguliwe, maana Mfalme anataka kuingia. Yule wa ndani huuliza kwa sauti ya kibabe ni mfalme gani huyo, na hukataa. Hugongewa tena, hukataa tena. Mara ya tatu komeo huondolewa, mlango hufunguka, kengele hulia, na kuzimu huwa imeshindwa. Baba yangu aliifanya kazi hiyo mpaka alipofariki, nami nikaipokea. Mlango wenyewe niliuchonga mimi, kwa mbao za mjozi, baada ya ule wa zamani kuteketea vitani. Hakuna kijijini anayeujua kama mimi, wala mwenye koo kama langu.

Mwaka ule sikuliondoa komeo.

Sikuwa nimelewa wala kurukwa na akili, kama wengine walivyosema baadaye. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa na sababu.

Mwanangu Nassif alimwoa Rindala, binti wa watu wazuri wa bonde la chini. Huyo Rindala aliwahi kuolewa akiwa msichana, na mwanamume aliyepanda ndege kwenda Australia mara tu baada ya harusi na hakuonekana tena. Akaenda mahakama ya Kanisa kuomba itamkwe kwamba ile haikuwa ndoa. Mahakama ikapokea karatasi zake, ikazilalia miaka sita. Mwishowe yeye na Nassif wakavuka bahari hadi Kupro, maana kwetu serikali haifungishi ndoa, wakafunga ndoa mbele ya karani wa manispaa, wakarudi. Sikufurahi, na nilimwambia Nassif hivyo. Lakini mtoto alipozaliwa akapewa jina langu, Ghattas, kama ilivyo desturi kwa mjukuu wa kwanza. Nikavaa koti langu jeusi, nikaenda kwa Abuna Simaan, padri wetu, kumwombea ubatizo.

Ilikuwa Kwaresima. Abuna alinikaribisha sebuleni, akaagiza kahawa. Umri wake ni wa kuwa mwanangu, ila ana ndevu za nabii.

"Abuna, tunataka kumbatiza mtoto Pasaka hii."

"Mtoto wa Nassif?"

"Kwani unamjua mjukuu wangu mwingine?"

Akashusha pumzi. "Baba Nassif, wazazi wake hawana ndoa ya Kanisa. Nikimbatiza, nani atamlea katika imani?"

"Mimi."

"Na wewe una miaka mingapi?"

Nilimtazama mpaka akaangalia pembeni. Ndipo akasema, kwa upole ambao ulinichoma zaidi, "Rindala hajakanyaga kanisani tangu warudi kutoka Kupro. Mwambie aje yeye mwenyewe. Aniombe kwa kinywa chake, aahidi kwamba mtoto atakulia humu. Tukishazungumza, tutaona. La sivyo, tusubiri mahakama."

"Aje kuhojiwa kama mwizi wa kuku? Mama wa mjukuu wangu?"

"Aje kama mama."

"Mahakama yenu imelala, Abuna. Siku ikiamka mjukuu wangu atakuwa na ndevu ndefu kuliko zako."

Nikaondoka bila kugusa kahawa. Kwetu sisi hilo ni kama kumpiga mwenye nyumba kofi, na nilitaka alisikie kofi hilo. Rindala sikumwambia kwamba ameitwa. Ningemwambia nini? Nenda ukapige magoti kwa mtu anayekupangia maswali? Nilimwambia tu kwamba Abuna amekataa.

Nassif alicheka kwa uchungu. "Baba, achana nao. Chota maji ya bomba, mmwagie kichwani, yaishe. Au nimpeleke Zahle. Kuna padri kule hana maswali mengi."

Nilipiga meza, vikombe vikaruka.

"Mjukuu wangu hataingia kwa mlango wa nyuma! Unafikiri ubatizo ni kuoga? Mtoto huyu atazamishwa katika beseni lile lile la mawe tulimozamishwa mimi na baba yangu, mchana, watu wote wakiwepo, nao watajibu kwa niaba yake kwa sababu yeye hajui kusema. Hilo ndilo Kanisa, Nassif. Si Abuna, wala si hao mahakimu waliolala. Ni watu wanaokujibia ukiwa huna meno, na wanaokujibia tena ukiwa umelala jenezani huna ulimi. Wewe utakapokufa, utajibiwa na karani wa Kupro?"

Rindala alikuwa mlangoni na mtoto begani. Alisikia yote, akageuka, akapanda ngazi kwenda kwake juu. Tangu siku hiyo hakushuka kula nasi.

Basi ikafika alfajiri ya Pasaka. Walitoka wote, nami nikalisukuma komeo mahali pake. Nikabaki na harufu ya ubani na ile baridi ya mawe. Kupitia upenyo wa mbao niliona mishumaa ikitikisika, na nyuma yake mlima ulioanza kupata rangi. Abuna akagonga kwa msalaba.

"Mfalme gani huyo?" nikanguruma.

"Shetani wetu mwaka huu kashiba!" sauti ya Fares, muuza nyama, ilisikika nje, na watu wakacheka kama kila mwaka.

Akagonga mara ya pili. Nikakataa mara ya pili. Akagonga mara ya tatu, na nikasikia mtu akiandaa kamba ya kengele. Nikaweka mdomo karibu na mbao.

"Ni nani huyu anayetaka kufunguliwa, na yeye mwenyewe amemfungia mtoto nje?"

Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa.

"Ghattas," alisema Abuna. Hakuniita Baba Nassif. "Ondoa komeo."

"Sema kwanza mtoto atabatizwa lini."

"Unaifunga nyumba ya Mungu?"

"Wewe ulianza. Mimi nafuata mfano wa padri wangu."

"Ewe Ghattas!" Fares akapaza sauti. "Nina mayai mfukoni, yamepikwa kwa maganda ya vitunguu, mekundu kama damu. Nimefunga Kwaresima nzima, bwana! Abuna, muahidi tu huyu mzee tukale!"

"Fares, tukigonganisha mayai, yako hayajawahi kumshinda mtu," alijibu mwingine, na kicheko kikapita. Lakini wengine hawakucheka. Nilimsikia mwanamke akisema ni laana. Mzee mmoja akasema, "Lakini Ghattas ana haki, mtoto kakosa nini?" Wakaanza kubishana huko nje, mishumaa mkononi, na nta ikiwachuruzikia vidoleni.

Abuna akasogea. Niliweza kusikia pumzi yake. "Nisikilize. Ubatizo hautolewi kwa kuteka kanisa. Nikikuahidi sasa hivi, nitakuwa nimeuza kitu kisicho changu."

"Na kukinyima? Unakinyimaje kitu kisicho chako?"

Sitaficha kwamba jibu lake lile la kuuza kitu kisicho chake lilikuwa sahihi. Nalijua Kanisa langu. Hata padri akiwa mwovu kiasi gani, maji anayoyabariki ni matakatifu, kwa sababu hayatoki kwake. Hayo ndiyo yaliyonifundisha nisimwogope Abuna yeyote, na hayo hayo ndiyo yaliyokuwa yananibana pale kwenye mbao. Kama neema si mali yake, si mali yangu pia. Nilijua hivyo, na kujua kwangu kukanizidishia hasira. Nikalishika komeo kwa mikono miwili.

Ndipo mke wangu Adla akaja mlangoni.

"Ghattas, miguu inaniuma."

"Pole, Mama Nassif."

"Pole utanipa nyumbani. Hapa nipe mlango. Umewafungia nje wajane na wagonjwa siku ya Pasaka. Hata mimi nimo."

"Mwambie Abuna."

"Nakwambia wewe. Abuna sikulala naye miaka yote hii."

Hata hapo kuna waliocheka. Mimi sikucheka. Nje kulikuwa kunapambazuka, nami ndani bado nilikuwa gizani, na nilihisi ningeweza kusimama hivyo hadi Pentekoste.

Halafu nikasikia mtoto akilia. Namjua kwa kilio, kina ukali wangu. Watu wakapisha, na viatu vya kukimbia vikaja mpaka mlangoni.

"Baba?" Alikuwa Rindala, anahema. "Baba, uko hai?"

"Niko hai."

"Mungu wangu! Kengele hazikulia. Nilikaa dirishani nikisubiri zilie, hazikulia, nikasema mzee kaanguka humo gizani, kafa. Nimekuja na gauni la kulalia! Sasa kama uko hai, kwa nini hazilii?"

"Mkweo kamfungia Mungu nje kwa ajili ya mwanao," alieleza Fares.

"Kwa ajili yetu? Nani kamtuma?" Akapiga mlango kwa kiganja. "Baba, mimi nilikutuma?"

"Abuna amemkataa mtoto," nikasema.

"Sikukataa," alisema Abuna. "Nilisema uje."

"Nije wapi?"

"Kwangu. Uombe mwenyewe, uahidi kumlea humu. Nilimwambia Baba Nassif akwambie."

Kupitia upenyo nikamwona Rindala akiugeukia mlango.

"Hakuniambia," Rindala akasema taratibu. Kisha sauti yake ikapanda. "Kwaresima yote nimekaa ndani nikijua Kanisa limenifukuza. Kumbe niliitwa! Baba, uliona aibu kwa niaba yangu? Nani aliyekupa aibu yangu uibebe?"

Nikalegeza mikono kwenye komeo.

"Na wewe, Abuna!" Nilimsikia akigeuka. "Wewe huna miguu? Nyumba yangu unaiona kutoka hapa, unaona hata nguo nilizoanika. Mchungaji gani anamtuma mzee mwenye hasira akamtafutie kondoo? Mimi sikumwacha mtu. Mimi niliachwa! Nikaja kwenu mkaniambia subiri, nikasubiri mpaka nikachoka, nikaenda Kupro. Ungekuja siku moja tu, ukanywa kahawa yangu, ungejua kama naweza kulea mtoto katika imani au siwezi."

"Sema, mwanangu," mwanamke mmoja akanong'ona.

"Nasema! Naomba mwanangu abatizwe. Atakulia humu, pamoja na hawa, hata kama mimi mwenyewe mtaniweka nyuma. Umesikia, Abuna? Nyie nyote mmesikia?"

"Tumesikia!" wakajibu kwa sauti moja, kama wanavyojibu katika ibada.

Abuna akashusha msalaba, akasema, "Nimesikia."

Nikaliondoa komeo.

Mwanga ukaniingia machoni. Abuna alikuwa amesimama mbele yangu, uso umemwiva kwa hasira, msalaba mkononi. Nyuma yake Rindala, nywele timtim, mtoto ndani ya blanketi.

"Mtoto atabatizwa leo, baada ya ibada," Abuna akaniambia. "Si kwa sababu ya komeo lako. Na wewe hutasimama tena nyuma ya mlango huu, maisha yako yote."

"Mlango huu niliutengeneza mimi."

"Ndiyo," alisema. "Sogea."

Nikasogea. Kengele zikalia, watu wakaingia wakiimba, na Fares akaniwekea yai mkononi alipopita.

Wakambatiza. Akazamishwa katika beseni la mawe, akapiga kelele iliyofika bondeni, akapakwa mafuta, na kijiji kizima kikajibu kwa niaba yake, hata wale waliosema nimelaaniwa. Abuna alimshika vizuri, siwezi kumnyima hilo. Wakati wa kukomunika Rindala alibaki nyuma, karibu na nguzo, mikono mitupu. Mahakama bado ilikuwa imelala, na hadi leo ninapoandika haya haijaamka. Kila Jumapili namwona pale kwenye nguzo, na kila Jumapili damu inanichemka upya. Mimi naenda kupokea na kurudi, na nikirudi napita upande ule, nasimama karibu naye. Abuna anaona. Na aone.

Abuna alikwenda kwa Rindala, lakini. Alikwenda wiki ile ile ya ubatizo, akanywa kahawa vikombe viwili. Rindala ameniambia.

Pasaka iliyofuata kazi yangu alipewa Fares. Fares! Sauti yake ni ya mtu anayekuuliza unataka nyama ya mguu au ya mbavu. Nilisimama nje kwa mara ya kwanza tangu baba yangu afariki, mshumaa katika mkono mmoja na Ghattas mdogo katika mwingine, na kwa kuwa mimi si mtu wa kusimama nyuma, nilikuwa mbele kabisa, ubavuni pa Abuna. Akagonga. Fares akauliza swali lake, nikasaga meno. Akagonga tena. Fares akakataa kama anayeomba radhi.

Ndipo mtoto, aliyekuwa akiutazama ule msalaba ukigonga, akakunja ngumi yake akaupiga mlango.

Fares, mjinga yule, akadhani ndiyo mara ya tatu. Komeo likaanguka, mlango ukafunguka, kengele zikalia kabla ya wakati wake, na watu wakaanza kusukuma kutoka nyuma. Kazi ya baba yangu imeharibiwa mbele ya macho yangu! Nilijikuta kizingitini na mtoto mkononi, Rindala nyuma yangu, msalaba wa Abuna ukinikwaruza bega.

"Baba Nassif," alisema, "sogea."

Sikusogea mpaka Rindala alipoingia.