Barua Niliyomwandikishia Ilham

Naandika haya kwa wazazi wenzangu mlio na watoto waliomaliza shule na bado wako nyumbani. Mimi ni Ummulkheir, nakaa Malindi. Kusoma niliishia darasa la nane, kwa hivyo mtanivumilia. Nililolifanya nalisema kama lilivyokuwa, ili mwenzangu asilifanye.

Binti yangu Ilham alipomaliza kidato cha nne, mwezi huohuo mamangu mzazi akapooza upande mzima wa kulia. Mimi natoka alfajiri kwenda kufua shuka kwenye hoteli ya watalii, basi Ilham ndiye aliyebaki na nyanyake. Miaka miwili na nusu. Alimlisha, alimgeuza kila baada ya saa mbili asitoke vidonda, na saa za dawa aliziandika ukutani kwa kalamu. Na wageni wa kuja kumjulia hali, mwawajua watu wetu, wanakuja kumi kwa mpigo na kila mmoja ataka aingie kwanza. Ilham aliwakalisha barazani, akawaingiza wawili wawili, na sikuona aliyeondoka amenuna. Mama alifariki mwaka jana, mwezi wa Rajabu, Mungu amrehemu.

Mwaka huu kliniki moja hapa mjini ikatangaza inataka msichana wa mapokezi. Ilham akaitwa kwa mahojiano. Tangazo lilisema awe na uzoefu wa kazi.

"Nitawaambia nilikuwa namuuguza nyanya," akasema.

"Utamtaja nyanyako mbele ya watu kama mzigo uliotwishwa? Hayo ni masimango, Ilham. Tena yuko kaburini."

"Simsimangi, mama. Nasema nilikuwa wapi."

"Watakwambia ulikuwa umekaa tu nyumbani."

Nikaenda kwa kaka yangu Mbaruk, mwenye mkahawa karibu na soko. Nikamwambia aandike barua kwamba Ilham alikuwa kwake akipokea wateja.

"Huyu mtoto!" Mbaruk akacheka. "Hata chai yangu hajawahi kuimaliza, asema ina maji mengi."

"Wewe andika. Andika Januari mpaka Disemba, miaka miwili, bila kukatiza hata siku moja. Waone ni mchapakazi."

Hayo ya "bila kukatiza" ni yangu mimi, si ya Mbaruk. Aliandika nilivyomwambia, akapiga mhuri. Ilham aliisoma, akaitia kwenye faili. Nikadhani amefurahi.

Siku ya mahojiano nikamsindikiza. Nilikaa nje kwenye benchi, chini ya dirisha la vioo vya kupanga vilivyofunguliwa, na kila kilichosemwa ndani nilikisikia.

"Shikamoo," Ilham akasema.

"Marahaba, karibu. Mimi naitwa Monicah, mimi ndiye msimamizi hapa." Alikuwa mama wa bara, sauti yake nzuri tu. Nikasikia karatasi zikifunuliwa. "Aa, kwa Mbaruk! Bado anaweka nazi nyingi kwa maharagwe?"

"Bado."

"Hapa inasema bila kukatiza hata siku moja. Hata Ramadhani?"

Nikasikia kiti cha Ilham kikisogea.

"Nauliza kwa sababu nilikuwa nimepanga chumba Kisumu Ndogo, mtaa wa hapa hapa mjini, na chakula changu cha mchana kilikuwa kwa Mbaruk. Ramadhani ikifika, sisi Wakristo tunalia njaa. Mwezi mzima amefunga mlango, anapaka rangi. Ama siku hizo ulikuwa unapokea mafundi wa rangi?"

Mkahawa wa kaka yangu, tangu nikiwa msichana, haujafunguliwa Ramadhani hata mara moja, na wala halikunijia hilo.

"Barua si ya kweli," Ilham akasema. "Sijafanya kazi pale."

"Nani alitaka iandikwe?"

"Ni mimi. Nilimwomba mjomba."

Hapo sikuweza kukaa. Nikasukuma mlango. "Dada, samahani. Barua hiyo ni yangu. Yeye hakuitaka."

"Na wewe ni nani?"

"Ni mamake."

Ilham aliinamisha uso. Monicah akanitazama kidogo, kisha akamgeukia yeye. "Sasa hiyo miaka yote ulikuwa wapi?"

Ilham akamweleza nyanyake, kwa maneno machache, bila kulia. Monicah akaweka kalamu chini.

"Na wageni wakigombana mlangoni?"

"Aliyetoka mbali nilimwingiza kwanza. Wengine nikiwaeleza kwa nini. Mtu akielezwa hakasiriki sana."

Monicah akavuta pumzi. "Ungeanza na hayo, sijui kama ningeita mwingine. Lakini msichana wa mapokezi ndiye anashika faili za wagonjwa. Hii barua nimeshaisoma, siwezi kujifanya sikuiona." Akamrudishia. "Pole, mama. Nendeni salama."

Tukarudi nyumbani kwa miguu. Karibu na mlango Ilham akasema, "Uzuri wangu wote ulikuwa kwa nyanya, mama, nawe ukanifanya niufiche."

Nikafungua mlango, nikampisha apite kwanza.

Wenzangu, mwenye mtoto aliyekuwa akiuguza, au akilea wadogo zake, mwacheni aseme alikokuwa. Msimtafutie mahali ambapo hakuwa. Mimi niliona aibu kwa jambo lisilo na aibu.

Leo asubuhi nimemkuta anapiga pasi buibui lake.

"Waenda wapi?"

"Kuna mahali wameniita."

"Wapi?"

"Nikirudi nitakwambia, mama."

Zamani karatasi zake alinionyesha zote, hata asizozielewa mwenyewe. Leo faili ameibana kwapani, akatoka. Sikumfuata. Nimeketi hapa kuandika tangu alipofunga mlango. Sasa ni saa sita na nusu, na bado hajarudi.